Ngoma tuliyoitunga Temeke enzi za Ujamaa, na kipande tulichokitoa

Wakuu, habari za mchana. Na kwa wachache humu mnaonizidi umri, shikamooni.

Mie ni bibi, nimeshapita sabini, naishi Tabata kwa mwanangu. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mkiona herufi imeruka, nanyi irukeni twende.

Hii siyo chai. Wengi waliokuwepo wameshatangulia mbele za haki, ningetaka kuongeza chumvi hakuna ambaye angenibishia. Lakini nimefika umri ambao uongo unachosha kuliko ukweli.

Juzi humu vijana walikuwa wanabishana kuhusu hii dansi inayoitwa contemporary. Mmoja akasema ni mambo ya wazungu, watu wanajigaragaza sakafuni halafu wanapewa ufadhili. Mwingine akasema hapa Bongo hatujawahi kuwa na utamaduni wa mchezaji, mchongaji, fundi na mtu wa kawaida wa mtaani kukaa pamoja wakatunga ngoma mpya.

Nikacheka. Kisha nikaiweka simu chini.

Tulikuwa nayo. Temeke. Hatukuwa na jina lake tu.

Naanzia kwa kaka yangu.

Kaka yangu aliitwa Damas. Wazazi wetu Wamakonde, walitoka Newala kabla sijazaliwa, baba akifuata soko la vinyago. Wakajenga nyumba ya udongo Temeke. Baba anachonga mpingo uani, mama anauza mihogo ya kuchemsha asubuhi.

Damas alikuwaga na mwili kama hauna mfupa. Uhuru ulipopatikana alikuwa bado kinda. Baadaye kidogo serikali ikatafuta vijana wa kupeleka nje kusomea sarakasi, naye akachaguliwa. Akakaa huko miaka kadhaa. Akarudi na mashati ya kola ndefu na maneno ya lugha ambayo mtaa mzima hakuna wa kumsahihisha.

Akacheza na kikundi kikubwa, akawa anazunguka mikoani. Siku moja kwenye mazoezi akaangukia goti vibaya. Goti likagoma. Akarudi nyumbani na mkongojo, kijana mbichi kabisa.

Wakuu, mtu ambaye mwili wake ndiyo kazi yake, mwili ukimkatalia anakuwa kama mgeni kwao. Damas alikaa barazani miezi.  Anatazama wapita njia.

Yote yalianzia hapo, kwenye kutazama.

Asubuhi za Temeke wakati ule zilikuwa watu wanatembea kwa miguu, makundi kwa makundi, wengine bandarini, wengine viwandani Chang'ombe. Mie mwenyewe nilikuwa nimeanza kazi kiwanda cha nguo. Jioni nikirudi Damas ananionyesha alichokiona. Yule bwana anatembea kama amebeba gunia hata akiwa mikono mitupu. Yule mama wa bombani anazungusha kiuno kwanza, ndipo ainue ndoo. Akawa anayafanya akiwa amekaa, kwa mabega tu, na unamtambua mtu ni nani.

Siku moja tunakula akasema, "Gau, ngoma za babu zetu ni nzuri na nitazicheza mpaka kufa. Lakini babu hakupakua meli. Hii Temeke ngoma yake iko wapi?"

Gau ndiyo mie. Gaudensia.

Baba alikuwa anachambua samaki, hakuinua kichwa. Akasema ngoma haitungwi na mtu, inakuja yenyewe. Damas akasema hata kinyago hakiji chenyewe. Wakabishana siku nyingi, na walivyokuwa wanafanana yule na yule, mama akawa anacheka jikoni peke yake. Mwishowe baba akasema haya, itungeni nione.

Jirani yetu mbele ya barabara alikuwa fundi cherehani, Mhindi wa Kishia, tukimwita Mzee Gulamu. Mbele duka, nyuma nyumba, ubavuni kiwanja cha mchanga. Binti yake, Nargis, alikuwa shoga yangu. Alizaliwa Temeke kama mie, na Kiswahili chake kilikuwa kikali kuliko changu, akikutania huwezi kumjibu.

Mzee Gulamu alitupa kiwanja Jumapili mchana, kwa sharti kwamba Nargis hachezi mbele ya watu. Nargis mwenyewe hakutaka ugomvi na wazee wake. Akakaa na cherehani yake dukani, dirisha linatutazama.

Siku ya kwanza tuko pale, watu wachache, tunaoneana aibu. Damas akainua mkono tunyamaze. Nargis alikuwa anashona. Cherehani ikawa inakwenda kasi, inafika kwenye kona ya nguo inapunguza, inasimama, inaanza tena. Damas akafumba macho akasikiliza. Kisha akasema tutaingia na huo mdundo.

Nargis aliposikia akaacha kushona, akadhani tumekerwa na kelele. Ilibidi niende dirishani kumwambia aendelee. Tangu siku hiyo akawa mpigaji wetu, na dukani kwa baba yake hakutoka.

Mambo yakaanza kuja hivyo hivyo, kila mtu na lake. Makuli wakaleta namna ya kupokea gunia mgongoni. Akina mama wa bombani wakaleta kiuno chao. Mie nikaleta vidole vya kiwandani, vile tulivyokuwa tunaunga nyuzi zilizokatika huku mashine inaendelea kwenda. Hatukuvaa manyoya wala njuga. Tulivaa nguo zetu za kazi.

Baba naye akajikuta amekuja. Mnavijua vile vinyago vya watu waliobebana, mmoja juu ya mwingine, mti mzima ni watu? Damas alitaka tukifanye kimoja kwa watu hai. Tukapandana, tukaanguka, tukachubuka. Baba akaacha tezo lake uani akaja kutuzunguka, anatugusa mabega kama anakagua gogo.

Akasema, "Nyie mnakaliana. Kwenye kazi yangu hakuna aliyemkalia mwenzake. Kila mmoja amemshika mwingine asianguke."

Tukabadilisha mikono. Tukasimama. Nakumbuka vile nilivyokuwa juu kule nimeshikwa vifundo vya miguu na kuli mmoja ambaye sikuwahi kuongea naye kabla, naona mabati na makuti ya Temeke, na sikuogopa.

Sasa nije kwa mtu ambaye ndiyo sababu ya uzi huu.

Mtaani kwetu alikuwepo mama mmoja kijana, Mwanaidi, mtu wa Rufiji. Tulimwita Da Mwanaidi. Mume wake alikuwa kuli wa matishari, yale majahazi ya chuma yanayobeba mzigo kutoka meli iliyotia nanga. Siku moja bahari ilikuwa imechafuka, mume akiwa na gunia mgongoni akateleza kwenye ubao kati ya tishari na gati. Akaenda na gunia lake. Wenzake walimtafuta mpaka wakakata tamaa. Hakuonekana.

Watu wa msikitini walifanya la kufanya. Akaswaliwa ingawa hayupo, akasomewa hitima. Da Mwanaidi akakaa eda akamaliza. Lakini kaburi hakuna. Hakuna pa kwenda kupalilia.

Baada ya hapo akawa mtu wa kuitikia tu. Ukimwamkia anaitika, ukimuuliza jambo anatabasamu. Jumapili zile akawa anakuja, anakaa pembeni kwenye ukuta wa duka, khanga mpaka kichwani. Hatukumsemesha. Tulimzoea kama ukuta wenyewe.

Jumapili moja makuli walikuwa wanarudia ile sehemu yao ya gunia. Damas hakuridhika, anawaambia kuna kitu kinakosekana. Da Mwanaidi akasimama. Akafunga khanga yake kiunoni. Akaja katikati.

Akainama, akapokea gunia lisilokuwepo. Nawaambia wakuu, tuliliona gunia. Mwanamke mwembamba, lakini mgongo ulikuwa wa mwanaume mrefu aliyechoka, na wale makuli waliomjua mumewe wakatazamana. Baadaye alitueleza kwamba kila jioni alikuwa anamkanda mgongo, kwa hiyo ule mgongo aliujua kuliko wake mwenyewe.

Akatembea kwenye ubao. Unauona ubao unavyomyumbisha. Kisha akafika mahali akanyanyua mguu mmoja, na hakuushusha.

Alisimama vile. Cherehani ilinyamaza yenyewe, Nargis alikuwa dirishani mkono mdomoni. Tulingoja aanguke, hakuanguka. Mguu ukaanza kutetemeka, kisha mwili mzima. Halafu taratibu akaushusha, akarudi kinyumenyume mpaka ukutani, akakaa, akajifunika.

Damas alikwenda akachuchumaa mbele yake na lile goti lake bovu. Hakumsifia. Alimuuliza kama ataturuhusu tuwe naye hapo katikati.

Akasema ndiyo. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake nzima.

Kutokea hapo ngoma yote ikajipanga kumzunguka. Nargis akaunganisha vipande vya kaniki nyeusi vikawa nguo moja ndefu mno. Alikataa nyeupe, alisema nyeupe ni sanda na mambo ya watu tusiyachezee. Da Mwanaidi akiwa amesimama na mguu hewani, sie tunaitandaza ile kaniki chini yake kama maji. Akishusha mguu, tunaiinua ikiwa tupu mpaka mabegani, tunaondoka nayo, tunapokezana kama watu wanaokwenda makaburini.

Siku ya kuionyesha mtaa ulijaa. Mzee Gulamu alitoa mabenchi, akasimama mlangoni mikono nyuma. Kulikuwa na waliokuja kucheka, maana watoto walikuwa wamesambaza kwamba kuna watu wanacheza cherehani.

Ilipofika pale pa kaniki, jambo ambalo hatukulipanga likatokea. Tumeinua ile nguo, tunaanza kutembea, mzee mmoja akanyanyuka kwenye benchi akaja kupokea bega. Akaja mwingine. Wakaja makuli, wakaja akina mama, ambao kwa kawaida makaburini hawaendi. Mtaa mzima ukapokezana nguo tupu kuzunguka kiwanja.  Nilimwona baba yangu, Mkristo wa kanisa kila Jumapili, ameingiza bega.

Da Mwanaidi alikuwa amesimama katikati anatutazama. Analia kwa utulivu, kama mtu anayenawa uso.

Kuanzia siku hiyo akawa anaongea. Anacheka. Alimfundisha mama kupika samaki kwa nazi namna ya kwao.

Ingeishia hapo nisingekuwa na la kuandika.

Habari zilisambaa. Bwana mmoja wa kamati ya sherehe za taifa akaja Jumapili moja kututazama. Sitaki mumfikirie vibaya, alikuwa muungwana, kaja kwa miguu kwenye vumbi. Ilipofika sehemu ya kaniki nilimwona anatoa leso.

Tulipomaliza alitusalimia mmoja mmoja. Akasema tunatakiwa uwanjani siku ya sikukuu ya taifa, mbele ya viongozi na wageni. Hii ndiyo sanaa ya wafanyakazi, ndivyo alivyosema. Watu wakapiga makofi.

Kisha akamvuta Damas pembeni, lakini sauti yake ilikuwa kubwa tukasikia wote. "Ndugu yangu, hiyo sehemu ya marehemu imenigusa. Lakini ile ni siku ya watu kufurahi. Itoe hiyo, mengine yote yabaki."

Alipoondoka tukakaa mchangani kujadili.

Naomba mtuelewe. Kati yetu hakuna aliyewahi kualikwa mahali. Makuli, wauza mihogo, wasichana wa kiwandani. Uwanja mzima ukutazame wewe. Kuli mmoja alisema mama yake anakuja kutoka Lindi, anatamani amwone akiwa katikati ya uwanja hata mara moja. Utamwambia nini?

Baba alisema neno moja. Ukitoa mtu wa katikati kwenye kinyago, walio juu watashikwa na nani?

Nargis aliongea kutoka dirishani, na hakuwa mtu wa kuingilia mikutano. Alisema kwao kila mwaka wanakaa pamoja kulia msiba wa watu waliokufa zamani mno, na hakuna anayesema mwaka umeharibika. Wengine wakanong'ona kwamba hayo ni ya kwao. Akafunga dirisha nusu.

 Nilimwona Damas anavyobonyeza lile goti. Nadhani alikuwa anauwaza uwanja. Aliwahi kuwa mtu wa viwanja, na aliviacha njiani bila kuaga. Simlaumu mpaka leo.

Mwishowe macho ya wote yakamwendea Da Mwanaidi.

Akatabasamu. Akajifunga khanga vizuri. Akasema, "Kitoeni tu jamani. Msikose sherehe kwa ajili yangu. Mie sina neno."

Watu wakapumua. Mama mmoja akapiga kigelegele. Damas akamshukuru, akamshika mikono miwili, akamwambia tukirudi tutakirudisha kipande chake na tutacheza kama zamani. Akaitikia.

Siku ya sikukuu lori likaja kutuchukua. Tulicheza vizuri, wakuu. Mnara wetu wa watu ulisimama, uwanja ukanguruma. Cherehani hatukuweza kuibeba na Nargis asingeruhusiwa, kwa hiyo tulipigiwa ngoma na vijana wa bendi, nzuri tu. Pale palipokuwa pa Da Mwanaidi tuliweka magunia yakipokezwa haraka haraka, watu wakashangilia. Yule kuli mama yake alimwona.

Tukapewa soda. Damas aliishika ya kwake mpaka ikapata moto mkononi.

Jumapili iliyofuata Da Mwanaidi hakuja. Wala iliyofuata. Nikaenda kwake, nikaambiwa amerudi kwao Rufiji. Aliaga wenye nyumba, vyombo akamwachia jirani. Hakuna neno baya alilosema. Hakuna ugomvi.

Tulijaribu kukirudisha kile kipande. Damas alimpa msichana mmoja hodari akifanye. Alikifanya sawasawa, kila kitu mahali pake, na hakuna aliyenyanyuka kupokea bega. Damas akasema basi.

Baada ya hapo mambo yakajiendea. Majumba yalipochukuliwa na serikali, nyumba ya Mzee Gulamu kule mjini, ambayo ndiyo aliyoitegemea uzeeni, ilikuwa mojawapo. Akauza cherehani, familia ikahamia ng'ambo. Nargis alikuja kuniaga, tulikaa kitandani kwangu tumeshikana mikono, na siku hiyo hakuwa na utani hata mmoja. Makuli wengine wakahamishiwa Tanga. Wengine wakaenda vijiji vya ujamaa. Kiwanja kikajengwa. Kikundi hakikuvunjwa na mtu, kiliyeyuka tu kama barafu ya samaki.

Miaka ikapita. Baba akafariki. Mie nikaolewa, nikazaa, nikaacha kiwanda, nikawa mfanyabiashara wa mchele wakati ule wa shida, wakati hata sabuni unaipangia foleni. Damas hakuoa. Alibaki Temeke kwenye nyumba ya wazazi.

Ikatokea vijana wa Tandale, wabeba mizigo wa sokoni, walisikia habari za ngoma yetu kwa wazee wao. Wakamfuata Damas awafundishe. Nilimwona kaka yangu akiamka tena. Akawa anatoka na mkongojo wake mpaka Tandale, anarudi amechoka, anacheka.

Lakini kila wakifika katikati anakwama. Akaniambia, "Gau, ile ngoma bila Mwanaidi ni mazoezi ya viungo. Lazima nimpate anionyeshe."

Mie kwa biashara ya mchele nilikuwa nafika Rufiji. Nikaulizia. Dereva mmoja wa lori akasema anamfahamu, yuko kijiji kipya cha juu, walikohamishiwa watu wa bondeni. Nikamwambia Damas. Alikuwa tayari amesimama kabla sijamaliza.

Tulisafiri juu ya magunia, naye na goti lile. Njia mbaya, pantoni inachelewa. Hakulalamika. Njia nzima alikuwa ananieleza atakavyowapanga vijana wa Tandale, nani akae wapi, kaniki itokee upande gani.

Tulimkuta anapepeta mpunga. Alikuwa ameshakuwa mtu mzima, ameolewa tena, ana wajukuu wa mume. Alitutambua mara moja. Akaangusha ungo, akatukumbatia wote wawili pamoja, akalia, akacheka. Akatupikia. Akaulizia baba, akaulizia Nargis, akaulizia hata yule kuli wa Lindi kama mama yake bado mzima.

Tulipokwisha kula Damas akamweleza kilichotuleta. Akamwambia habari za vijana wa Tandale. Akasema, dada, nilikuahidi tutakirudisha kipande chako, tulichelewa wewe ukaondoka.

Da Mwanaidi akanawa mikono polepole. Akasema, "Damas mdogo wangu, siku ile niliposema kitoeni, nilidhani mtakataa."

Damas akabaki na mkono hewani.

Akaendelea kwa upole, wala hakuwa na hasira. Alisema asubuhi ya sikukuu alioga, akavaa, akakaa mlangoni kwake. Alisikia lori linanguruma. Alijua tu kwamba mmoja wetu atakuja kumwambia dada twende, tumesema bila wewe hatuchezi. Lori likaondoka.

Hapo nikataka ardhi inimeze. Maana wakuu, sie ni watu wa pwani kwa kuzaliwa. Mgeni akiambiwa karibu chakula anasema nimeshiba, na wewe unajua hajashiba, unamshika mkono unamketisha. Muungwana hasemi nataka. Husubiri abembelezwe. Hilo tulilijua tangu tunanyonya. Na siku ile mbele ya sahani kubwa kuliko zote, tulimsikia akisema nimeshiba, tukaiondoa mezani.

Damas akamuuliza kama sasa angekubali. Hata kumwonyesha yeye tu, hapo uani. Vijana watamfuata, watamheshimu, jina lake litatajwa.

Akatikisa kichwa. Akamshika Damas kwenye lile goti, kama dada anavyomshika mdogo wake.

"Mdogo wangu, mie sikuwa nacheza. Nilikuwa namzika mume wangu. Ile siku ya kwanza, watu waliponipokea, nilisema sasa nimepata wa kunisaidia, tutamzika wote mpaka tumalize. Mlipokitoa nikarudi huku. Nilikuwa nashuka mtoni peke yangu, nakifanya pale kwenye maji, mpaka siku moja nikaona imetosha. Nimeshamzika. Na mtu hazikwi mara mbili."

Akanyanyuka akatufungia mchele wa kurudi nao.

Kwenye pantoni Damas aliegemea chuma, anatazama mto. Nilidhani halii, kumbe analia. Tulipokaribia ng'ambo akasema, "Gau, sisi tulidhani tunatunga ngoma."



Aliporudi Tandale aliwaambia wale vijana kwamba ile ya Temeke imekwisha, watunge yao, na akawasaidia. Walitunga moja ya wabeba mizigo wa sokoni, watu waliipenda. Yeye alikuwa anakaa nyuma kabisa. Nimeambiwa kwamba kila walipotaka kutoa kitu kwenye ngoma, hata kidogo, alikuwa anawauliza hicho ni cha nani, na je mmeenda kumuuliza nyumbani kwake, na je mmemuuliza tena.

Kaka yangu ameshafariki. Da Mwanaidi naye nilipata habari ametangulia. Nargis hatukuandikiana, sijui aliko. Kwa hiyo ile ngoma nzima, nzima kabisa na katikati yake, ilichezwa Jumapili chache tu duniani, kwenye mchanga wa Temeke. Sasa hivi iko kichwani kwangu, na kichwa chenyewe ndiyo hiki.

Vijana mnaofanya contemporary, mnaosema mnatunga pamoja na jamii, sina ugomvi nanyi, napenda mnachofanya. Nililojifunza ni hili. Ukimwalika mtu wa mtaani alete uchungu wake katikati yenu, hiyo siyo material. Umepokea jeneza begani. Usiliweke chini njiani kwa sababu umeitwa mahali pazuri zaidi. Na mtu mpole akikwambia mie sina neno, usipumue haraka. Kaa. Mbembeleze. Muulize mara ya pili.

Karibuni tuongee, wakuu. Wenye kunilaumu nilaumuni, nimezoea kujilaumu. Lakini ningependa zaidi kusikia kutoka kwenu: huko mtaani kwenu, ni nani aliyewahi kusema "niacheni tu, sina neno," mkamwacha? Kama bado yu hai, funga simu kwanza uende. Utakuja ku-comment ukirudi.

Mie nipo.